Karata Nzuri kwa Mwenye Kidogo

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu aliyebakiwa na kidogo sana, kisha akapata nafasi nzuri, je, anafanya sawa akiweka chote alicho nacho? Na akiweka akapoteza, tuna haki ya kusema kwamba alikosea? Methali zetu hazitusaidii sana, kwa sababu zinabishana zenyewe kwa zenyewe. Moja inasema subira huvuta heri, nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kila mzee huchagua ile inayolingana na jambo lililokwisha kutokea. Ndiyo maana nimeamua kulipima swali hili kwa mchezo wa karata, ambako angalau mambo yanahesabika.

Mchezo wenyewe ni poka. Watu wengi wa Uganda wanajua matatu, ule mchezo wa karata unaochezwa kwenye vibaraza na kwenye vituo vya boda boda, lakini poka ni mgeni kidogo. Sisi wasichana wa hosteli moja hapa Mbale tulijifunza kwa simu, na sasa kila mwisho wa mwezi tunafanya mashindano. Hatuchezei pesa. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, nami nina miaka 22. Tunachezea vizibo vya soda. Tunakaa sita, kila mmoja anaanza na vizibo 20, na watatu wa kwanza hawaoshi masufuria wala hawateki maji wiki nzima. Msomaji asicheke. Mwezi wa pili bomba likikauka, zawadi hiyo ni kubwa.

Yuko mwenzetu Mwislamu ambaye hakai mezani hata kwa vizibo. Mbale ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988, na hoja yake kuhusu kamari tumeisikia mara nyingi, naye hutukumbusha aya ya 90 ya sura ya Al-Maida. Lakini mbali na aya hiyo anayo hoja nyingine, kwamba mchezo huu unalizoeza jicho kuona hasara ya mwenzako kuwa ni faida yako. Sikuwa na jibu siku aliposema hivyo, na hoja yake itanirudia huko mbele.

Kwa asiyejua: kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza, nazo ni za wote, na mwenye mkusanyiko bora wa karata tano ndiye anayechukua dau. Ukipewa karata mbili zinazofanana, kwa mfano Wafalme wawili, una jozi mkononi. Jozi kubwa kuliko zote ni ya ree, ile karata ya alama moja. Kila mgao, watu wawili hulazimika kuweka vizibo kabla hawajaona kitu: mmoja dau dogo la lazima, mwingine dau kubwa la lazima, na zamu hizo huzunguka meza.

Madau haya ya lazima ndiyo roho ya swali langu. Tuseme una vizibo 12, na madau ya lazima ni kizibo 1 na vizibo 2. Kila meza inapozunguka mara moja unatoa vizibo 3 hata usipocheza chochote. Baada ya mizunguko minne, yaani migao 24, umekwisha, na hakuna aliyekupiga. Umekwisha kwa kungoja. Sasa utangoja nini? Kupewa jozi yoyote ni mara 1 katika 17. Kupewa jozi ya Malkia, ya Wafalme au ya ree ni mara 1 katika 74. Katika migao yako 24 iliyobaki, uwezekano wa kuona hata jozi moja ya namna hiyo unazidi kidogo tu mara 1 katika 4. Kwa hiyo ikija, imekuja. Anayesema utulie kwanza uone anasahau kwamba kutulia kuna bei.

Jambo la pili linalowashangaza wageni wa mchezo ni hili. Jozi ya ree ikipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote, inashinda kama mara 85 katika 100. Ikipambana na watu watano kwa pamoja, inashinda kama mara 49 tu. Karata ni zile zile, kilichobadilika ni wingi wa walioingia. Ndiyo sababu mwenye vizibo vichache hashauriwi kuingia kimyakimya kwa dau dogo ili awavute wengi. Anaweka vyote mara moja, wengi wanatupa karata zao, naye anabaki na mmoja wa kupambana naye, au hata hapati mtu na anachukua madau ya lazima yaliyo mezani. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hii ya 85 na 49.

Kuna hali moja inayobadilisha mambo. Mkiwa mmebaki wanne, na watatu ndio watakaosamehewa masufuria, vizibo vyako vya mwisho ni vizito kuliko vile utakavyoshinda. Daniel Bernoulli alilieleza jambo la jamaa hii tangu mwaka 1738: shilingi moja kwa maskini si sawa na shilingi moja kwa tajiri, na kupoteza kitu huuma kuliko kupata kitu kile kile kunavyofurahisha. Basi kama jirani yako amebakiwa na vizibo viwili na zamu yake ya dau kubwa imekaribia, unaweza kutupa hata jozi nzuri na kungoja aanguke yeye. Kwa hiyo sisemi kwamba mwenye kidogo aweke chote kila mara. Nasema kwamba kuna hesabu, na hesabu hiyo hufanywa kabla ya karata kufunuliwa.

Nije kwenye ugomvi uliotuzukia. Muhula uliopita mwenzetu mmoja anayesomea uuguzi alibakiwa na vizibo 12, akapewa Wafalme wawili. Tulikuwa bado watano mezani. Akaweka vyote. Aliyekuwa na rundo kubwa la vizibo akamfuata akiwa na ree na saba. Kwa karata hizo Wafalme hushinda kama mara 7 katika 10. Karata nne zikafunuliwa salama, na ya tano ikawa ree. Chumba kizima kikamgeukia: si ungengoja, haraka ya nini, ona sasa. Aliosha masufuria wiki nzima huku akisimangwa. Mwezi uliofuata, msichana mwingine aliyekuwa na vizibo 12 vile vile akaweka vyote akiwa na tisa na nne, karata za ovyo kabisa, akashinda. Wakampigia makofi. Wakasema ana moyo.

Mimi nilikasirika kuliko aliyeosha masufuria. Watu wale wale, katika hali ile ile, wamemlaumu aliyepima vizuri na kumsifu aliyebahatisha. Sisemi kwamba moyo si kitu. Hapa Bugisu, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, vijana husimama mbele ya kisu cha imbalu bila kupepesa jicho, na ushujaa ule naustahi. Lakini kijana wa imbalu akisimama imara, amesimama yeye mwenyewe. Karata ya tano haijui kama una moyo au huna.

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili jambo hili mwaka 1976, nalo limekuwa likiitwa bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva mzembe: akiua mtoto aliyeingia barabarani ghafla, tunamhukumu vikali, na asipotokea mtoto hatusemi neno, ingawa uzembe ni ule ule. Asafiriye kwa taksi kutoka Mbale kwenda Jinja kwa barabara ya Tirinyi anaujua mfano huu bila kusoma kitabu. Dereva akipita lori kwenye kona na tukafika mapema, tunamshukuru na kumwambia ni fundi. Nagel haoni njia rahisi ya kutoka humo. Mimi nadhani meza ya karata inaionyesha njia kidogo: zikumbukwe karata alizokuwa nazo, vihesabiwe vizibo vyake na gharama ya kungoja, na hapo ndipo hukumu itolewe. Ree iliyokuja mwishoni isiingizwe kwenye hesabu ya lawama.

Wapenzi wa poka hupenda kusimulia habari za Jack Straus, aliyeshinda mashindano makuu ya dunia kule Las Vegas mwaka 1982. Husimuliwa kwamba alidhani ameshatolewa, kisha akaona kibao kimoja kimebaki mezani, akaendelea nacho mpaka akashinda wote. Ni hadithi tamu. Ila waliobakiwa na kimoja wakakipoteza ni maelfu, na hakuna anayejua majina yao. Mtaani mwetu hadithi za aliyeuza ng'ombe wa mwisho akafanikiwa huenea kwa jinsi hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapoiacha meza na kwenda nyumbani Jinja, kwa kuwa swali langu halikuanzia kwenye vizibo.

Baba alipofariki alituachia kiwanja kidogo Bugembe. Mama anauza mukene, wale dagaa wa ziwani, anaowachukua Masese na kuwapeleka sokoni. Tuko watoto watatu. Nilipomaliza kidato cha sita nilipata alama nzuri, lakini hazikutosha kuniingiza kati ya wanafunzi wapatao 4,000 ambao serikali huwalipia karo ya chuo kikuu kila mwaka. Mwaka huo huo mdogo wangu wa kiume alimaliza kidato cha nne kwa daraja la pili. Kiwanja kiliuzwa. Pesa zilitosha kumsomesha mmoja, zikawekwa zote kwangu. Mdogo wangu alikuwa na miaka 17. Akaacha shule, akaanza kuendesha boda boda ya mtu, mpaka leo anaonekana kwenye kituo kimoja karibu na soko.

Wapo ndugu wa upande wa Baba waliosema Mama amefanya vibaya. Kiwanja hakiuzwi, walisema, na kama ni lazima kiuzwe basi asomeshwe wa kiume. Wengine walisema pesa zigawanywe mara tatu, kila mtoto apate kipande. Jibu la Mama nalikumbuka vizuri. Alisema pesa zikikaa humu ndani zitaliwa, leo malaria, kesho msiba, kesho kutwa paa. Mama hajawahi kushika karata, lakini aliyekaa mezani angemwelewa mara moja: alikuwa anataja madau ya lazima. Na kugawa kidogo mara tatu ni kumpa kila mtoto kiasi kisichofika popote, robo ya kozi, muhula mmoja na nusu, kisha wote watatu wanarudi nyumbani.

Basi kwa hesabu ya mezani Mama yuko sawa. Alibakiwa na kidogo, kungoja kulikuwa kunamla, akapata kile alichokiona kuwa ni jozi kali, akaweka vyote. Hata nikimaliza chuo mwaka huu nikakosa kazi, kama wengi ninaowafahamu wanavyoikosa, uamuzi wake hautageuka kuwa mbaya kwa sababu hiyo. Najua majirani hawatalipima hivyo. Kwao hukumu ya Mama inangoja barua ya ajira ambayo bado haijaandikwa. Nikipata kazi, alikuwa na maono. Nikikosa, aliuza kiwanja cha marehemu bure.

Hata hivyo kuna kitu kinachonisumbua, na hapa karata zinaniacha njiani. Kwenye meza Wafalme wawili wameandikwa kwenye karata, kila mwenye macho anawaona. Mtoto hajaandikwa. Nani alisema kwamba mimi ndiye jozi na mdogo wangu ni karata za kutupa? Mtihani mmoja wa kidato cha sita na mtihani mmoja wa kidato cha nne, katika shule mbili tofauti, yangu ikiwa na maabara na yake ikiwa haina. Zaidi ya hapo, vizibo vilivyowekwa vilikuwa vya nani? Williams anatumia mfano wa mchoraji Gauguin, aliyeiacha familia yake akaenda Tahiti kuchora, na anasema kwamba kufanikiwa kwake ndiko kunakoweza kumpa uhalali machoni pake mwenyewe. Mimi sikubali. Michoro hata iwe mizuri namna gani, mke na watoto hawakuwa vizibo vyake. Mwenzetu wa uuguzi aliweka vizibo vyake mwenyewe na masufuria akayaosha kwa mikono yake mwenyewe. Hilo ndilo linalofanya uamuzi wake uwe safi, pengine kuliko hata ile hesabu ya 7 katika 10.

Nilimweleza mdogo wangu haya yote likizo iliyopita, tukiwa tumekaa kando ya pikipiki akingoja abiria. Nilimwambia naona aliwekwa dau bila kuulizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Dada, unanifanya kizibo. Mimi nilikuwa nimekaa mezani. Nilikuwa na karata zangu, nikazitupa."

Nimelifikiria neno hilo kwa miezi. Kwa kweli aliyetupa karata naye amecheza. Na hesabu ya 85 na 49 inasema kile kile alichosema yeye: jozi ile ile ina nguvu ikiachiwa nafasi, na inadhoofika wote wakiingia. Tungeng'ang'ania wote watatu kusoma kwa pesa zile, karata yangu isingebadilika, lakini nafasi yangu ingepungua sana. Alipotoka yeye nikapanda mimi. Cha ajabu ni kwamba kwenye mashindano kitendo hiki ni haramu. Wachezaji wawili wakipatana kwamba mmoja atupe karata zake ili mwenzake apite, wote wawili hutolewa, kwani kila mtu anatakiwa kucheza kwa ajili yake mwenyewe. Nyumbani kwetu hakuna namna nyingine ya kushinda. Yule mwenzetu Mwislamu alikuwa ameona mbali: mezani hasara yako ni faida yangu, basi, kila mtu aende zake. Katika nyumba aliyepoteza na aliyepata wanakula sahani moja jioni, na kila siku mmoja anamwona mwenzake.

Lakini sijaridhika kabisa na jibu la mdogo wangu, na nilimwambia hivyo. Serikali inaona kwamba kijana wa miaka 24 hana akili ya kutosha kuweka shilingi 5,000 kwenye mechi ya mpira. Kijana wa miaka 17 akiweka shule yake yote, hakuna sheria inayomuuliza umri. Alizitupa mwenyewe, sawa, lakini alizitupa akimtazama Mama usoni, baada ya kiwanja kuuzwa, na wajomba wakiwa wamekaa sebuleni. Kutupa karata kwa namna hiyo ni kuchagua kwa kiasi gani? Tukisema hakuchagua, tunamvua heshima anayoidai. Tukisema alichagua kwa hiari kamili, tunajipa raha sisi tuliofaidika. Nadhani ukweli uko mahali fulani katikati, na sijui kuupima kwa namba.

Ninachokiona wazi ni kwamba kutupa karata kwa ajili ya mwenzako kunazaa deni, hata kama aliyezitupa hadai. Deni hilo halisemi lazima nifanikiwe, kwa maana kufanikiwa hakuko mikononi mwangu. Linasema mgao ukija tena, yeye asiwe wa kutupa tena.

Na mgao umekuja. Mdogo wetu wa mwisho anamaliza kidato cha nne mwaka huu na anataka kuendelea. Yule wa boda boda ana miaka 20 sasa na amepata habari za kozi ya ufundi wa magari ya miaka miwili. Mama ana akiba yake katika kikundi cha akina mama wa sokoni, nayo Januari itamtosha mtoto mmoja tu. Juzi alinipigia simu, akasema kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, niwatazame hao wawili nimwambie nani ana kichwa. Nilimwambia sitamjibu kwa simu. Jumamosi nitapanda taksi asubuhi, na nimemwomba mdogo wangu asiendeshe siku hiyo, akae nasi tangu mwanzo, kabla wajomba hawajafika.